Kitako cha BMW R75 ya skeli 1/9: mbao gani, na mchanga wa Paje unafaa?

mzee_wa_vespa

Assalaam alaykum nyote. Nna modeli ya BMW R75, ile pikipiki ya jeshi la Wajerumani ya vita vya pili yenye kigari ubavuni, skeli 1/9 ya Italeri, kanletea mjomba kutoka Muscat. Kuiunga nshamaliza, spoki, waya za breki, tairi la spea, kila kitu, na rangi nshapiga ile ya jangwani. Kilichobaki ni kitako tu maana sasa hivi imekaa juu ya kabati la vyombo na kila bi mkubwa akipitisha kitambaa cha vumbi roho yangu inaruka, hendeli ya breki ilibakia kidogo ing'oke.

Nshapima, urefu kama sentimita 27 na upana na kigari chake 19 hivi, si kitu kidogo. Modeli za vifaru vya 1/35 unaweza ukabandika juu ya kipande cha ubao wa kukatia mkate na mambo yakaisha, hii ukiiweka pabaya inaonekana pabaya kwa sababu kila kitu kikubwa.

Fundi mmoja hapa Mwanakwerekwe, Unguja, kanambia atanipa ubao wa mwembe kwa bei ya kutupa. Ardhi nataka iwe ya jangwa, nikafikiria si niende tu Paje nijaze mfuko wa mchanga, bure kabisa, nimwage gundi nimwage mchanga. Wenzangu wa barazani wao wanasema niiweke mbele ya mlango wa nakshi na ukuta wa chokaa, iwe ya kwetu. Hapo nnababaika. Na jengine, naifunga vipi isianguke, na kioo cha juu kinahitajika au ni mbwembwe tu? Naomba mnielekeze kabla sijaanza kuharibu vitu.

randa_ya_wete

Wa alaykum salaam. Modeli mie sizijui ila mbao ndo kazi yetu tangu kwa marehemu baba, kwa hivyo ntajibu hapo tu.

Mwembe muachie huyo fundi. Bei rahisi kweli na ukipigwa msasa unatoa mistari mizuri, lakini dumuzi anaupenda kupita kiasi, utaanza kuona unga mweupe chini ya kabati na vitundu vidogo vidogo, na ukishaviona ujue ndani kushaliwa zamani. Emdiefu (MDF, ule ubao wa kiwandani wa unga wa mbao) nayo hapana, masika ikishika inanyonya unyevu kwenye kingo inavimba na rangi yako inafumuka. Tafuta mfenesi mkavu. Ukiwa mpya una rangi ya manjano inayokera macho, usiogope, kila ukikaa unaiva mpaka unafika kahawia ya kupendeza wenyewe bila ya kupaka kitu. Mvule pia safi. Msaji ndo mfalme lakini kwa kitako ni kujitia gharama, labda ubahatike kipande cha dirisha la nyumba ya zamani iliyobomolewa, hicho ukikiona usiulize bei mara mbili.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Ubao mpana wa kipande kimoja utapinda tu, haijalishi fundi ni nani. Ungisha vipande vitatu kwa gundi, na ukitazama kwenye kichwa cha ubao zile pete za mti zipishane, kimoja zitazame juu kinachofuata zitazame chini, hapo kila kimoja kinamzuia mwenzake. Na vanishi piga juu na chini na kwenye kingo, sawasawa pande zote, kabla hujaweka hilo jangwa lako. Watu wengi wanapiga juu tu kwa vile chini hapaonekani, halafu unyevu unaingia kwa chini, upande mmoja unavimba mwengine umetulia, unapata kitako kinachotikisika kwenye meza. Unene inchi moja inatosha, ukubwa mie ningekata 42 kwa 34, na chini weka vimiguu vinne vifupi upepo upite.

Pembeni nikitaka naweza kukuchongea mnyororo na maua ya yungiyungi kama fremu za milango ya Mjini, na misumari midogo ya shaba kwenye pembe. Itakuwa kitu cha kumpelekea Rais.

tobruk_mpaka_tunis

Mzee wa vespa hongera, hiyo modeli si ya mchezo, kalibu zake ni za zamani tokea enzi za ESCI, kampuni iliyoitoa kabla ya Italeri, na kuna sehemu zinataka subira ya kuvua.

Nianze na hao wa barazani. Mlango wa nakshi usiweke. Si kwamba vibaya kuwa na kitu cha kwetu, ila R75 haijawahi kupita Shangani, Mji Mkongwe. Kwenye vita Wajerumani hapa kwetu walikuja kwa mizinga tu, tena vita vya kwanza, tarehe 20 Septemba 1914 meli yao Königsberg iliingia asubuhi ikaipiga HMS Pegasus ya Waingereza mbele ya bandari mpaka ikazama, na wakati huo BMW hata pikipiki haijawahi kutengeneza, ya kwanza yao ni R32 ya mwaka 1923. R75 yenyewe imeanza kutoka kiwandani 1941. Kwa hivyo ukiiweka mbele ya mlango wa Mjini mtu anayejua atakuuliza suali moja tu na huna jibu. Ukitaka kitu cha hapa hapa ununue pikipiki ya Kiingereza, Norton au BSA au ile Triumph 3HW ambayo Italeri wanayo pia ya 1/9, hapo kwa vile tulikuwa chini ya Muingereza angalau unaweza kujitetea.

Jangwa ndo pahala pake. Afrika Korps, jeshi la Wajerumani la Afrika Kaskazini, walianza kushuka Tripoli Februari 1941, vita vikubwa vya Alamein kule Misri ni Oktoba na Novemba 1942, wakasalimu amri Tunisia Mei 1943. Weka 1942 Libya au mpakani na Misri na hakuna atakayekusumbua.

Sasa mchanga. Watu wakisikia jangwa wanaona matuta makubwa ya mchanga kama kwenye kalenda. Vita vile havikupiganwa kwenye matuta, vimepiganwa kwenye uwanda mgumu wa mawe ya chokaa na vumbi na changarawe, na vijiti vijiti vya miba vimetawanyika. Chimba kidogo unakuta jiwe, ndo maana askari walikuwa wanarundika mawe wajikinge badala ya kuchimba handaki. Unajua hiyo ni nchi gani? Ni Makunduchi hiyo, ni uwandani kwetu, jiwe lile lile la chokaa. Kwa hivyo badala ya kwenda Paje ufukweni rudi nyuma ya kijiji kule maweni, okota vipande vya jiwe la matumbawe la nchi kavu, yale ya kijivu nje na cheupe cha maziwa ndani, twanga kwenye kinu kibovu (cha bi mkubwa kikuu usiguse), pepeta kwenye chungio. Unapata saizi tatu kwa mpigo mmoja, unga, chenga na vijiwe.

Na hapo kwenye saizi ndo skeli inapokaba watu. Kila kitu zidisha kwa 9. Kijiwe cha sentimita 2 ambacho mkononi hukioni kitu, kwenye kitako chako ni jabali la sentimita 18, dereva angelizunguka au angevunja rimu. Chembe ya milimita moja inakuwa changarawe ya milimita 9. Kwa hivyo unga ndo uwe mwingi, chenga kiasi, vijiwe vikubwa vinne vitano tu na visipangwe. Mchanga wa pwani una vipande vya kombe na vya tumbawe ndani yake, mtu akitazama karibu anaona ganda la chaza kubwa pembeni ya tairi, mchezo umekwisha.

Jengine, rangi yako ya pikipiki ni ya mchanga na ardhi ya mchanga, zitamezana. Ardhi iache iwe nyeupe nyeupe zaidi kuliko pikipiki, na chini ya injini na kwenye kivuli cha kigari pawe na tone la oili lililokauka, jicho lipate pa kushika.

chake_flani

mbona mnamzungusha mzee wa watu, mwaga gundi mwaga mchanga pulizia rangi kwishney. mie modeli yangu ya tangi la vita iko hivyo mwaka wa ngapi sasa

mzee_wa_vespa

Mashallah nimepata darasa. Makunduchi nna shemegi kule naweza kwenda Ijumaa. Ila sheikh Tobruk nikisema mchanga wa Paje niuoshe tu na maji ya bomba bado hautofaa hata kidogo? Maana naona mweupe mzuri. Na hiyo ardhi naijengea nini chini, nimehifadhi lile fomu jeupe lililokuja na boksi la tivi nikasema nilikate niweke vilima.

msasa_400

Salaam kaka, naingia kwenye ardhi maana hapo ndo ninapokaa, nafundisha sanaa skuli na nimeshajenga ramani za milima na watoto za kutosha.

Mchanga wa pwani ukiuosha na maji ya bomba mara nyingi na ukaukausha juani utapungua chumvi, lakini si kwa kusuuza mara moja kama unasuuza mchele. Onja maji ya mwisho, yakiwa bado na ladha rudia. Chumvi ikibakia inavuta unyevu, kitako chako kila kusi ikibadilika kitakuwa na majimaji, baadae inatoka juu ukungu mweupe, na chuma chochote ulichokizika kinaota kutu. Na ukiuchanganya na jipsamu ndo balaa, chumvi inaifanya igande upesi kabla hujamaliza kuitandaza. Jiwe la nchi kavu la sheikh Tobruk limeoshwa na mvua miaka na miaka, kwa hivyo mie niko upande wake, ingawa hilo la kutwanga kwenye kinu mwenyewe atajibu kwa mkewe.

Fomu la tivi unaweza kuliweka, jepesi na linakatika vizuri kwa kisu cha kubadilisha wembe, lakini supa gluu usiliguse nalo na rangi ya kupuliza usilipulizie likiwa wazi, vyote viwili vinaliyeyusha mbele ya macho yako. Libandike na gundi nyeupe ya mbao, paka hiyo hiyo juu yake yote, iache ikauke mpaka kesho. Na vilima vyenyewe punguza, mwenzetu kashasema ni uwanda. Mwinuko wa kidole kimoja upande wa nyuma na mteremko mdogo kuja mbele unatosha, pikipiki ikae imepanda kidogo tu pua, inapata uhai kuliko kuwa sawa mezani.

Juu ya fomu watu wanapenda jipsamu tupu. Inafaa, ila nzito na ikiwa nene inapasuka na maji yake yanaingia kwenye ubao wa fundi. Mimi nachanganya unga wa msumeno uliochungwa, gundi nyeupe, jipsamu vijiko viwili vitatu, na rangi ya maji ya kahawia humo humo ndani, ili hata kikibanduka kipande siku moja pasionekane peupe. Ukiona jipsamu inagandia mapema kamulia ndimu kidogo, matone tu, inaichelewesha. Iwe nzito inashikana kwenye kijiko. Unga wa ngano wala wa muhogo usitie hata chembe, najua kuna wanaotia, sisimizi na mende watakuja kuishi kwenye Libya yako. Na kwenye gundi ya kumwagia juu, ile unayoichanganya nusu kwa nusu na maji, tia tone la sabuni ya vyombo ili inywewe na mchanga isikae juu kama shanga, na tone la Dettol isiote ukungu masika.

Halafu alama za matairi, hapa usifanye haraka maana ndo raha yenyewe. Subiri lile donge liwe limeanza kushika, ukibonyeza kidole kinaacha alama lakini hakinatwi. Chukua tairi lako la spea la modeli, usichukue jengine, lirowe maji, ulibimbirishe. Ukibimbirisha na tairi kavu linaondoka na jangwa lote. Alama zianze ukingoni kwa nyuma zije mpaka pikipiki ilipo, mbele yake pawe patupu isipokuwa vumbi. Na ziko alama mbili tu ikienda moja kwa moja, gurudumu la mbele na la nyuma linapita njia moja, la kigari linapita njia yake kuliani. Ukiwa umegeuza usukani wa modeli basi zitakuwa tatu pale mwisho, la nyuma linakata ndani kidogo ya la mbele. Hapo tobruk nisahihishe kama kigari kiko kushoto.

tobruk_mpaka_tunis

Kulia dada, uko sawa, wao wanaendesha mkono wa kulia wa barabara kwa hivyo kigari kinakaa upande wa nje. Na hilo la spea umenifurahisha, kwa sababu hata kwenye pikipiki ya kweli magurudumu yote matatu na spea ni yale yale unaweza kuyabadilisha, ya inchi 16 tairi 4.50. Ukigawa kwa 9 alama yako inakuja upana wa milimita 12 na kitu, mtu akitaka kuhakikisha apime.

Niongeze kitu kuhusu alama ya kigari. Gurudumu la kigari la R75 halikokotwi, linasukumwa na injini kwa shafti kama la nyuma, na kuna difu ya kufunga ili la nyuma na la kigari yazunguke pamoja. Maana yake likipita kwenye vumbi laini nalo linachimba na kurusha nyuma kidogo, sawa na la nyuma, lisiwe kialama cha kuburuzwa tu. Mashine ile na kigari kitupu ilikuwa kilo 420 na bado hujapakia watu watatu na bunduki, huku injini ni cc 745 na nguvu farasi 26. Kwa hivyo walivyoweka gia za porini na rivasi hawakuwa wanajionesha. Tairi lisikae juu juu ya ardhi kama limepeperushwa na upepo likatua, lichimbie milimita moja na nusu mpaka mbili, na vumbi lipande pembeni mwa tairi. Modeli ngapi nimeziona nzuri rangi imekaa lakini zinaelea.

msasa_400

Eeh na hapo hapo pa tairi kaka mzee wa vespa ulizingatie hili. Matairi ya hizo seti ni ya ile plastiki laini inayopinda, si plastiki ya mwili wa modeli. Ile laini ina mafuta ndani yake yanatoka taratibu, na yakigusana muda mrefu na plastiki ngumu au fomu yanaila, yanageuka kunata. Hata rangi ya mafuta chini ya tairi inalainika haikauki tena. Kwa hivyo pale matairi yanapokaa fomu isiwe wazi, iwe imefunikwa na lile donge lote na gundi. Na kama bado hujabandika matairi kwenye rimu zungusha karatasi ya fedha ya ndani ya sigara au foili ya jikoni, nyembamba, haionekani. Kama ushabandika acha usifumue, chunguza tu kila baada ya muda.

mzee_wa_vespa

La haula, mie rimu nshazibandika kitambo. Ntachunguza inshaallah. Sasa kuifunga isianguke, ina magurudumu matatu inasimama wenyewe lakini wajukuu wapo.

randa_ya_wete

Kama ni wajukuu basi usitegemee gundi. Toboa matundu kwenye ubao kabla hujaweka udongo wako, pitisha waya mzito wa umeme wa 2.5, ule wa shaba wa kwenye ukuta, uuvue ngozi. Mmoja unaingia ndani ya tairi la nyuma kwa chini na mwengine wa kigari, kwa chini ubao unauchimbia kijifuo unaukunja unaumwagia gundi. Ukitaka kuivua siku moja uukunjue, si kama gundi ukivuta inakuja na tairi. Usitumie msumari wa chuma, kwa hewa yetu hii ya bahari kutu inapanda mpaka juu.

Na vipi kuhusu nakshi, mbona hamkusema kitu.

tobruk_mpaka_tunis

Ntasema mie, fundi usinune. Nakshi ya mlango ni kazi ya mtu ambaye anataka utazame mlango. Ukimchongea mnyororo na yungiyungi na misumari ya shaba kuzunguka kitako, mgeni akiingia ataanza hapo, atasifu mkono wako, pikipiki ataiona akigeuka kuondoka. Kitako kazi yake ni kunyamaza. Fanya kingo safi, pembe kali au mduara mdogo, rangi ya mfenesi yenyewe ilivyo, kibao kidogo cha shaba mbele kwa jina. Na pikipiki yenyewe isiwekwe sambamba na kingo kama gari kwenye maegesho ya Darajani, iweke mshazari, kigari kije upande wa mtazamaji maana ndo chenye vitu, spea, makopo ya petroli, mikoba.

Hapo kwenye vitu usijaze pia. Dumu la petroli moja chini, labda kofia, basi. Watu wakipata nafasi wanapanga Afrika Korps nzima.

randa_ya_wete

Sinuni. Ila mjue mtu akinunua kitu cha Zanzibar anataka aone mkono wa Zanzibar. Nyie mnataka ubao kama umetoka kiwandani. Ntampa mstari mmoja wa mnyororo chini kabisa juu ya miguu, mwembamba, ukisimama huuoni, ukikaa kitini unauona. Mwenye mali aamue.

mzee_wa_vespa

Hehe hapo fundi umenipata, mstari mmoja chini napenda. Tobruk usinikasirikie, mie ndo nitakayekaa kitini.

Na miti je? Vijiti vya miba vya jangwani nifanye nini, madukani hakuna vitu hivyo hapa.

randa_ya_wete

Makonyo ya karafuu. Makavu, yana matawi matawi, chukua yaliyovunjika.

msasa_400

Wazo zuri wallahi, kwa skeli hiyo konyo moja ni kichaka kilichokufa kabisa. Makonyo machache hayo ZSTC, shirika la serikali la karafuu, hawatakufuata. Yachanganye na mizizi ya nyasi iliyooshwa na usumba wa nazi uliokatwa mfupi, upake rangi ya kijivu ya kufifia maana usumba wenyewe ni mwekundu sana. Vyote uvikaushe juani siku za kutosha kabla ya kuvifungia kwenye kioo, ukifungia kitu kibichi kinatoa jasho ndani na wadudu wanatoka humo humo. Panda vichache na viwe vimeinama upande mmoja, upepo wa kule unapiga upande mmoja.

Vumbi la mwisho usinunue, lile unga la jiwe ulilotwanga lililobakia kwenye chungio ndo vumbi lenyewe. Chukua kwa brashi laini kavu, pakaza kwenye tairi, madigadi kwa chini, miguu ya dereva inapokaa, na usifike kwenye tangi la petroli wala kwenye kiti kwa nguvu ile ile. Ardhi na pikipiki zikiwa na vumbi moja ndo zinakuwa kitu kimoja. Ukitumia chokaa ya dukani itakuwa nyeupe ya kifo.

chake_flani

haya bwana mmeshinda. kioo je mbona hamjamjibu, mie tangi langu kila siku napuliza vumbi

tobruk_mpaka_tunis

Si ulisema kwishney.

Kioo lazima, hapa si Ulaya, tuna vumbi na chumvi ya hewani na mjusi. Mjusi hasa, ukinidharau utakuja kukuta kinyesi chake kwenye kiti cha dereva. Kioo cha kawaida cha milimita 4 kwa fundi wa madirisha ya alumini anakukatia vipande vitano, unaunga kwa silikoni ya kuonekana ndani, pembe zake zipigwe msasa wa maji zisikate watu. Kile cha plastiki chepesi na hakivunjiki ila kinakwaruzika ukikipangusa na kanga kavu na kinavuta vumbi. Usikipime kabla hujaweka modeli kwenye kitako na ardhi yake yote, kimo kinabadilika, na hesabu usukani na kioo cha pembeni kama umeweka, acha vidole viwili kila upande. Chini kwenye ubao fundi akuchimbie mfereji kioo kikae ndani yake kisiteleze, na sehemu moja ya nyuma aache upenyo mdogo uliozibwa na kitambaa cha wavu, hewa itembee mjusi asipite. Vile vipakiti vya chembe chembe vinavyokuja na viatu vipya zika viwili nyuma ya jiwe.

randa_ya_wete

Mfereji ntachimba milimita 5 kioo cha 4 kiingie kwa raha, mbao inavimba. Lakini fundi wa kioo aje kupima kwangu, asipime kwenye karatasi.

mzee_wa_vespa

Sawa sawa. Mwisho kabisa, kwenye kile kibao cha shaba niandike nini? Mjomba anataka liandikwe jina la kikosi na jina la dereva, sijui kalitoa wapi. Na zile alama zao za mnazi na ule msalaba uliopinda, swastika ya Wanazi, zimo kwenye seti, mie sijazibandika.

tobruk_mpaka_tunis

Uamuzi wako, ni alama ya historia na waunga modeli wengi wanaibandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na wengi wanaiacha kwa sababu kitu kitakaa sebuleni na watoto wapo. Mie ya kwangu niliweka nambari za usajili tu na hakuna aliyeniuliza. Jina la dereva usiandike kama huna picha ya pikipiki hiyo hiyo yenye nambari hiyo hiyo. Andika BMW R75, Libya 1942, na skeli kama unataka. Herufi ndogo. Mjomba mwambie jina lake yeye litaandikwa kwa chini ya ubao, yeye ndo kaileta.

randa_ya_wete

Kwa chini nna patasi ndogo ya herufi. Boti ya Jumatatu nakuja Unguja na vipande vya mfenesi, modeli usinitumie vipimo, ije yenyewe tuiweke juu ya ubao tuizungushe kwanza.